Joho la Ishirini na Tano

Chumba cha cherehani, nyuma ya kanisa
3 Machi

Mjomba Ngurumo,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa salamu ndefu: mwandishi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Chukulia nimeshayasema yote hayo, maana nina maswali mengi na karatasi ni chache.

Mimi ni binti wa fundi anayeshona majoho ya kwaya. Ulipoondoka nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siku moja uliniinua begani nione watu wakipanga viti, ukacheka, na kicheko chako kikanitetemesha kabla hata sijakisikia. Hicho tu ndicho ninachokukumbukia.

Baba amepata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tangu Januari mimi ndiye ninayekata, yeye anakaa kwenye kigoda anasikiliza mkasi. Nikienda kombo ananiambia, na huwa hakosei, jambo linaloudhi sana.

Mwaka huu ni zamu ya majoho mapya. Unajua yanashonwa kila mwaka wa tatu. Waimbaji ni ishirini na wanne. Nimewahesabu wakiwa wamesimama, nikawahesabu wakiwa wamekaa. Baba ameniagiza nikate majoho ishirini na matano, la mwisho kwa kitambaa alichonunua mwenyewe. Nikamwuliza hilo la ziada ni la nani. Akasema nifungue daftari la vipimo, ukurasa wa besi, mwisho kabisa. Nikakukuta wewe. "Ngurumo", na chini yake anwani ya kiwanda cha mbao, na vipimo vilivyokatwa na kuandikwa upya mara tatu.

Nikafungua kabati. Kuna majoho yako matatu humo, ya rangi tatu za miaka mbalimbali, yamepigwa pasi, hayajavaliwa hata siku moja. Kila moja ni pana kuliko lililotangulia. Baba anakunenepesha na wala hakuoni.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Wewe kata kitambaa." Sasa mimi ni mtu wa kuuliza. Marehemu mama alikuwa akisema nilipozaliwa sikulia, niliuliza. Nimepitia ukoo wote, wa kwake na wa mama, wewe hupo. Basi wewe ni nani kwake? Na tafadhali nitumie vipimo vyako vya kweli, sitaki kushona hema.

Binti wa fundi


Kiwanda cha mbao
19 Machi

Binti wa fundi,

Barua yako ilikaa mfukoni mwangu siku nne kabla sijaifungua. Niliona mwandiko si wa mzee, nikajua ni taarifa ya msiba. Nashukuru kwamba yupo, na kwamba bado anaudhi.

Mimi si ndugu yake. Niliwahi kuimba kwaya aliyokuwa akiishonea, na nilitunza kabati la vifaa vya kwaya. Siimbi tena. Sasa kazi yangu ni kukagua mbao. Nasimama mwisho wa meza na chaki, hii nzima, hii ina ufa, hii ina jicho, basi, siku imeisha.

Umeomba vipimo kwa adabu na kejeli kwa pamoja, nami nakupa. Kifua inchi thelathini na sita. Bega kumi na saba. Mkono wa kushoto ishirini na nne. Urefu, kuanzia begani hadi kwenye kifundo, hamsini na sita. Amenipima mpishi wa kiwandani, kwa hiyo ongeza au punguza kidogo. Lakini usishone. Kitambaa changu kipe kazi nyingine.

Nami nina swali. Bado ni mzee wa kanisa? Bado anakaa benchi la mbele, upande wa dirisha?

Usimwambie nimeandika.

Ngurumo


Nyuma ya kanisa
28 Machi

Mjomba Ngurumo,

Baba amekuandika kifua arobaini na nne. Kati ya mnene wake na mwembamba wako kuna nafasi ya kuingia mtoto wa darasa la tatu. Huli huko?

Halafu umenipa mkono mmoja. Fundi hupima yote miwili, kwa sababu hakuna mwanadamu aliye sawa pande zote. Mchungaji wetu bega lake la kulia limeshuka inchi nzima na waumini hawajui, ni siri yangu na pamba ninayomwekea. Nitumie wa kulia.

Swali lako limenishangaza. Baba si mzee wa kanisa. Anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, miaka kumi na miwili sasa. Nilidhani unajua, kwani uliondoka baadaye. Ni yale majora. Yalinunuliwa matano kwa ajili ya majoho ya ile sherehe kubwa, mezani kwa Baba yakaonekana matatu. Wazee wakafunga mlango wakafanya kikao, na walipotoka Baba hakuwa mmoja wao tena. Kushona walimwachia, kwa sababu hutoza kidogo. Nusu ya kwaya iliimba na majoho ya zamani. Kila mtu anajua fundi hula kitambaa, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kutafuta zaidi. Mtaani wakawa wanasema, mpelekee yule shuka, upokee leso.

Mimi shuleni nilipewa jina. Nilikuwa na gauni la buluu, la dukani kabisa, lakini wakasema limetokana na mabaki ya majora ya kanisa. Basi nikawa Mabaki. Hata leo, mtu mzima na futi shingoni, nikienda bombani naitwa Mabaki. Wengi wameshasahau chanzo. Mimi sijasahau.

Nilipofika miaka kumi na minne nilipata ujasiri, nikamwuliza Baba kama aliyachukua. Akasema hapana. Nikamwuliza nani basi. Akaniambia nipitishe uzi. Nilimwamini, Mjomba, ila si kila siku. Zipo siku ambazo sikumwamini baba yangu, na hizo ndizo zinazoniuma kuliko jina.

Wewe ulitunza kabati. Labda uliona kitu, au ulisikia. Kama unajua nani alichukua majora yale, niambie. Hili nalitaka kuliko kipimo chochote.

Mabaki (usicheke)


Nyuma ya kanisa
2 Mei

Mjomba,

Mwezi umepita. Nimekata majoho kumi na tisa. Kila nikimaliza moja natazama mlangoni kama kuna barua, Baba ananiuliza natazama nini. Nimemwambia natazama mvua. Hakuna mvua.

Kama swali langu lilikuwa zito, niandikie hivyo tu. Usininyamazie. Nimechoka na watu wanaonijibu kwa kuniambia nipitishe uzi.

Mabaki


Kiwanda cha mbao
11 Mei

Binti wa fundi,

Ni mimi.

Nilitumwa kuyachukua majora dukani, nikayapakia kwenye mkokoteni. Matatu niliyafikisha kwa baba yako. Mawili niliyauza nyumba ya wageni, yakawa mapazia. Usinitafutie njaa, wala mtoto mgonjwa. Palikuwa na mwanamke niliyetaka anione mtu mkubwa, nikanunua viatu vya ngozi avione. Aliviona, akacheka.

Wazee waliponiita kikaoni waliniuliza nilimkabidhi fundi majora mangapi. Nikasema matano. Baba yako alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Alinitazama vile anavyotazama nguo iliyomkaa mtu vibaya, akitafuta kasoro ilianzia wapi. Nilingoja aniite mwongo. Akasema tu, "Mimi nilipokea matatu." Sikuhitaji hata kuapa. Kama ulivyosema, kila mtu anajua fundi hula kitambaa.

Kwa miezi miwili niliendelea kuimba, yeye akiwa kule nyuma mlangoni. Kila tulipofika kwenye neno "rehema" halikutoka. Wakadhani ni mafua. Nikaondoka, nikasema nimepata kazi. Nilipokuuliza kama bado anakaa mbele, nilitumaini tu kwamba wamemrudisha.

Mkono wa kulia sikukupa kwa sababu haupo. Umeishia chini kidogo ya kiwiko, mwaka wa saba huu, kwenye msumeno. Ndio mkono ulioshusha majora yale kwenye mkokoteni. Nilipozinduka hospitali sikulia, watu wakanisifu ujasiri. Haukuwa ujasiri. Nilisema moyoni, sasa Mungu amechukua chake, tumeachana salama, yeye kwake na mimi kwangu. Sijakanyaga kanisani tangu siku hiyo na nilikuwa nimetulia.

Mpaka ulipoandika. Kama tumeachana, majoho haya ni ya nini? Mtu niliyemfanyia vile anakaa anapanua kifua changu inchi mbili mbili. Unaniuliza mimi ni nani kwake. Mimi nami nataka kujua. Mwulize. Mwulize kwanza kama anajua.

Jina lako la utani sikuwahi kulisikia. Nimejaribu kulitamka hapa peke yangu, halitamkiki.

Ngurumo


Nyuma ya kanisa
30 Mei

Ngurumo,

Wiki mbili barua yako imekaa chini ya cherehani, nikikanyaga pedali naikanyagia.

Nilikuandikia habari za kicheko chako. Naona aibu.

Mama alipofariki, miaka mitano iliyopita, akina mama wa kanisa walinunua kitambaa cheupe cha kutandika jeneza lake. Wakakipeleka kwa fundi mwingine. Baba alikuwa amekaa mlangoni na mkasi wake akingoja waje. Akaja mtu kumwambia asisumbuke. Wewe siku hiyo ulikuwa unakagua mbao.

Jana nimemsomea Baba barua yako neno kwa neno, hata la viatu. Alikuwa akipapasa upindo, hakusimamisha vidole. Nilipomaliza akasema, "Najua." Nikadhani sikusikia vizuri. Akasema amejua tangu mwaka ule ule.

Kwa hiyo sasa nina hasira na watu wawili, na mmoja wao lazima nimpikie. Nimemwambia, "Baba, ulimsamehe yeye, mzigo ukanitwisha mimi." Anataka kukuandikia. Nimekataa kumwandikia. Aandike mwenyewe.

Nimekata majoho ishirini na manne. Kitambaa chako nimekiacha kwenye jora.

Mabaki


Nyuma ya kanisa
6 Juni

Mwanangu Ngurumo,

Naandika herufi kubwa ili nizione, kwa hiyo karatasi ni nyingi na maneno ni machache. Usidhani nimekuwa msomi.

Nilijua miezi mitatu baada ya wewe kuondoka. Mwenye nyumba ya wageni aliniletea mapazia niyafupishe. Kidole kilitambua kitambaa kabla ya jicho. Nikamwuliza nani alimwuzia, akakutaja, akaisifu na sauti yako. Nikayafupisha mapazia. Nikarudi nyumbani nikamwomba Mungu ufe.

Hilo sikumwambia hata mke wangu. Niliomba hivyo wiki nzima, kwa maneno mazuri ya kanisani, amina juu yake. Siku ya nane nikafungua daftari kwenye ukurasa wako, nikashika mkasi niutoe. Hapo nikakumbuka jambo. Kabla binti yangu hajazaliwa, mimi nilikuwa nakula kitambaa. Kweli kabisa, Ngurumo. Nilikula lesi ya bibi harusi mmoja, nikamwambia haikutosha, akaolewa na mikono mifupi, akilia. Wazee walinihukumu kwa kosa nisilolifanya. Yale niliyoyafanya aliyajua Mungu peke yake, na hakunitoa kwenye daftari lake. Alinipa mke, akanipa mtoto, akaniweka benchi la mbele na hali ananijua. Nikauona mkasi ule ni mzito. Nikauweka chini.

Kuhusu mkono wako. Usimsingizie Mungu kazi ya msumeno. Angekuwa anakata mikono ya wala vitambaa, mafundi wote tungekuwa tunashona kwa miguu. Unasema mliachana salama. Wewe ndiye uliyeachana naye. Yeye hakuachana na wewe hata siku moja, nami nilimwona, maana nilijaribu kumsaidia akuache akakataa.

Unauliza habari ya kukunenepesha. Nilipoacha kukuombea ufe nikaanza kukuombea ushibe. Sikuwa na namna ya kujua kama nimejibiwa, basi nikawa naongeza kifua kwa imani. Sasa nasikia ni thelathini na sita. Tutazungumza, mimi na Mungu.

Kwa nini sikusema? Niliona mtu akishatajwa mbele za watu harudi tena. Nikakuachia njia. Lakini binti yangu ana haki. Ukarimu wangu niliugawa kutoka kwenye sahani yake. Nimemwomba radhi. Hajanijibu. Chai ananiletea bila neno, ila sukari bado anatia.

Sitaki machozi yako. Nataka binti yangu arudishiwe jina lake. Mimi siwezi kulirudisha, hata nikisema leo wataona nimetafuta wa kumsukumia. Wewe unaweza.

Fundi


Kiwanda cha mbao
27 Juni

Baba,

Naomba uniruhusu nikuite hivyo.

Mchungaji atapata barua yangu wiki hii. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto, mara sita, mpaka ikasomeka. Nimemwomba aisome Jumapili katika ibada kubwa, watu wote wakiwapo. Nimetaja majora, mapazia, viatu na lile neno "matano" nililolisema kikaoni. Nimeeleza jina la Mabaki lilitoka wapi, nikaomba mwenye kinywa achague jingine.

Habari ya lesi sikuitaja. Hiyo ni yako.

Mimi siji. Kuandika nimeweza, kuja siwezi. Nasoma mistari yako ile, kwamba hakuachana na mimi, nasoma tena, halafu narudi kwenye mbao zangu. Ubao wenye ufa huwa nautia alama unawekwa kando, na hakuna anayeuulizia tena. Hiyo ndiyo kazi ninayoielewa. Hii yako sijaielewa bado, lakini juzi, nikiwa peke yangu stoo, nilijaribu kuimba lile neno. Lilitoka. Si zuri, ila lilitoka, na nikakaa chini ya mbao nikalia kile kilio ambacho hospitali hakikuja.

Binti wa fundi, wewe sikuombi chochote. Nimekosa kwako. Basi.

Ngurumo


Nyuma ya kanisa
9 Julai

Ngurumo,

Najua unataka kujua, maana mimi ningetaka.

Mchungaji alisoma yote. Alipofika kwenye viatu kuna mtu alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Alipofika kwenye "nikasema matano" alisimama, akavua miwani, akaendelea. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, kidole kinapapasa ukingo wa koti lake. Mimi nilikuwa natazama migongo ya watu. Nimeitazama migongo ile miaka kumi na miwili kutoka benchi la mwisho, nikaona inainama mmoja mmoja.

Aliyekuwa mwenyekiti wa kikao siku hizo sasa anatembelea fimbo. Akainuka, akaja mpaka nyuma kwetu, mwendo mrefu sana kwa mtu wa fimbo. Baba akasikia fimbo imesimama, akasogea, akapapasa benchi kumwonyesha nafasi. Wakakaa hapo wote wawili mpaka mwisho wa ibada, na mchungaji akahubiria benchi la mbele lenye pengo.

Tangu Jumatatu chumba cha cherehani kimejaa. Watu wanaleta nguo ambazo hazijachanika. Mama mmoja ameleta shuka jipya kabisa nilikunje upindo, na lina upindo. Nimeukunja tena. Jana bombani mtu aliniita Mabaki kwa mazoea, akajiziba mdomo kwa mkono wenye povu la sabuni. Nikacheka. Sikutegemea.

Baba nimemsamehe Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kushona kifungo. Sikupanga. Nilimwambia, "Baba, yameisha," akasema, "Pitisha uzi," tukalia kama wajinga, na mteja akiwa anangoja suruali yake.

Wewe bado. Nakuambia kweli, kwa sababu nimechoka na vitu vinavyofichwa ili watu wapone. Mungu anaweza kusamehe kwa mara moja, mimi nasamehe kwa awamu, na wewe uko awamu ya kwanza. Kuna asubuhi naamka nikiwa nimekuachilia, kufika mchana namkumbuka mama, nakushika tena.

Nilimwuliza Baba: kama sijamaliza, kukuita si unafiki? Akaniambia joho lako la kwanza alilikata akiwa na hasira tele. Akashona na hasira. Anasema iliisha mahali fulani kwenye mkono wa kushoto, hakumbuki mshono gani. Nikamwuliza, kama isingeisha je? Akasema angeshona hivyo hivyo, kwa sababu aliyemwagiza joho si hasira yake.

Hilo limenikalia kichwani tangu juzi. Kwa hiyo leo nimekishusha kitambaa chako nikakitandaza mezani. Sijakikata. Baba amekisia mwili wako miaka kumi na miwili, inatosha, mimi sikisii mtu.

Tunapima kila Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi. Mpimaji ni mimi. Huwa nasimama karibu sana na mtu, pumzi kwa pumzi, futi haipimi kutoka mbali. Utaniona usoni, na usoni pangu pengine hutapapenda, maana hasira yangu sijui itakuwa imefika wapi siku hiyo. Usiingoje iishe. Wala usingoje mpaka wewe mwenyewe ujione umefaa.

Njoo hivyo hivyo, Mjomba.

Fundi